Nyumba Yenye Muhuri wa Kanisa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wiki ya tatu ndani ya nyumba yetu hapa mtaani Observatory. Yetu! Leo nimekuta bahasha ya manispaa getini. Jina juu yake: Théodore, ndugu wa kanisani aliyetuuzia. Nikafungua. Maji ya miaka minne hayajalipwa — randi laki moja na elfu themanini! Nimeificha chini ya cherehani. Papa Murielle, mume wangu, asijue kwanza.

Jumatano, 5 Machi

Foleni ofisi ya manispaa tangu saa kumi na mbili asubuhi. Dada wa dirishani akauliza hati ya nyumba iko wapi. Nikatoa karatasi yetu: sahihi za mashahidi watano, muhuri wa kanisa, hata tarehe tuliyoombea funguo. Akaisoma polepole. Akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole. Kwa serikali nyumba bado ni ya Théodore, akasema, na jina halibadilishwi mpaka deni liishe. Eish.

Tuliponunua, Papa Murielle alitaka wakili. Mimi ndiye niliyekataa! Nilisema wakili wa nini, mtu tunashiriki naye meza ya Bwana? Nilijiona nina imani sana.

Ijumaa, 7 Machi

Théodore hapokei simu. Nimepiga mara saba. Jirani yangu Apondi, Mkenya wa benki, ameisoma barua jikoni kwangu. Akatikisa kichwa. Anasema Théodore lazima alipe na asaini mbele ya wakili, tena haraka, kabla hajapotea. Apotee wapi? Mtu wa kwaya!

Jumapili, 9 Machi

Théodore alisimama kutoa ushuhuda. Visa ya Kanada imetoka, anahama Jumamosi. Vigelegele kanisa zima. Papa Murielle alipiga makofi kuliko wote. Na mimi nikapiga — ningefanyaje? Nikamfuata nje. Akanishika bega, akasema nisihofu, Mungu atafungua njia. Njia ipi? Nina hasira!

Jumanne, 11 Machi

Saa moja asubuhi. Gari la manispaa liko getini. Mafundi wawili wamefunua kifuniko cha mita. Nimewaambia mwenye nyumba ni mimi. Mmoja akataka kuona karatasi. Nikaingia kuichukua — na sasa nimekaa hapa kwenye cherehani, naandika, badala ya kutoka.

Papa Murielle yuko bafuni, anaoga, anaimba wimbo wa Jumapili.

Ameacha kuimba.

"Mama Murielle! Maji yamekatika! Nina sabuni machoni!"

Nakuja, nimemjibu. Bahasha ninayo mkononi.