Uzi Mnene

Jumapili, 2 Machi

Nimeanza. Mtu mzima wa miaka hamsini na moja, magoti yanalia kila nikiinuka, nimekaa kitandani na gitaa la besi mapajani! Ni la kaka. Alipohama aliliacha kwangu "kwa wiki mbili tu, dada". Huu mwaka wa sita. Kuliuza siwezi, ukoo mzima utanigeuka.

Nimempata mwalimu kwenye simu. Masomo ya bure, mafupi mafupi. Anajiita Mwalimu Gumba, ana kitambi na kofia, na hacheki hata akitania. Amesema besi haiombi sifa, watu huigeukia siku ikinyamaza.

Nyuzi nne. Ule mnene uko juu, karibu na kidevu, na ndio wenye sauti ya chini kabisa. Mkono wa kulia, kidole cha shahada na cha kati vinapokezana kama miguu ya mtu anayetembea. Wa kushoto, bonyeza nyuma kidogo ya kile kipande cha chuma kilichokatiza shingo ya gitaa, si juu yake. Ncha za vidole zinawaka moto.

Sababu yenyewe niiandike hapa, maana hapa hasomi mtu. Ni mdogo wangu. Mimba ya tatu, miezi saba na ushee. Ya kwanza ilitoka. Ya pili mtoto alinyamaza tumboni, akazaliwa amekwisha kwenda. Nikikaa bure nawaza hayo tu. Nikilishika hili gitaa angalau vidole vinauma, nawaza vidole.

Jumanne, 4 Machi

Uzi mnene hautoi kitu! Naupiga, nasikia tik ya ukucha kwenye chuma, basi. Mwalimu Gumba naye akiupiga kwenye simu, naona unatetemeka, sauti hakuna. Nikaogopa, nikadhani gitaa limeoza. Kumbe mwenyewe akasema mbele kidogo: msisikilize somo kwa spika ya simu, ni ndogo, besi haipiti humo. Afadhali. Kesho nanunua hedifoni, na amplifaya ya kaka naiteremsha kabatini.

Kliniki leo wajawazito thelathini na mmoja. Mashine ya kusikilizia moyo wa mtoto haijarudi kutoka kwa fundi — ilienda Novemba! Tunatumia pembe ya mbao, mdomo mpana tumboni kwa mama, mwembamba sikioni kwa mkunga. Kifaranga analalamika. Huyu ni mkunga niliyemlea kazini mwenyewe, jina nimempa kwa kunifuata nyuma kila ninapokwenda. Nikamwambia mimi nimekula miaka ishirini na pembe kabla mashine hazijazaliwa. Anahesabu nilivyomfundisha: pigo moja, kidole kinagonga paja mara moja. Kichwa husahau hesabu, kidole hakisahau.

Jumamosi, 8 Machi

Amplifaya inafanya kazi. Nyuzi nyembamba nazisikia vizuri. Mnene bado. Nikaongeza sauti. Nikaongeza tena.

Fundi cherehani wa chumba cha pili akaja kugonga mlango, sindano mdomoni. Anauliza kuna nini, masufuria yake yanacheza ngoma rafuni na mkasi umetembea mezani wenyewe. Nikamwambia ni gitaa, tena kwangu linasikika chini kabisa. Akanitazama. Akasema, "Sista, kama hiyo ndiyo chini, ukiweka juu tutaokota matofali." Nikacheka mpaka machozi. Yeye alicheka kidogo tu, akawa ananitazama usoni.

Ni kichekesho. Nimekiandika kama kichekesho.

Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu alikuja kliniki. Kifaranga akaomba amsikilize yeye leo. Mdogo wangu akakataa! Anasema, "Usinune, binti, lakini mimi nikisikilizwa na dada ndiyo nalala. Wengine hapana." Ile mara ya pili aliyemsikiliza alikuwa mtu mwingine, akamwambia kila kitu kiko sawa. Hajasahau. Nani angesahau?

Nikainama na pembe. Feni inaunguruma, kina mama wanapiga soga kwenye benchi. Kidole kikaanza kugonga pajani. Mia na arobaini. Nikamwambia, "Mia na arobaini." Akashusha pumzi, akatafuta viatu kwa mguu, maana kuviona hawezi tena.

Jioni somo la metronomu, kile kifaa kinachogonga mapigo kama saa. Unaiweka mapigo sitini kwa dakika, unapiga noti moja kwa kila pigo, hukimbii, huburuti. Sitini ilinishinda. Kwa mzaha nikaiweka mia na arobaini, na kidole kikaifuata pale pale bila kukosea hata mara moja. Nikazima metronomu. Kidole kikaendelea. Kinaijua hesabu hiyo chenyewe.

Nimeisoma hiyo sentensi ya mwisho mara mbili na sijaipenda.

Jumapili, 16 Machi

Zoezi la masikio. Mwalimu Gumba anasema fumba macho, napiga noti mbili, niambie ipi iko chini. Mara kumi. Mimi nasikia noti moja, kisha nangoja ya pili, naye anasema haya, jibu! Nikadhani mtandao unakata. Nikarudia. Nikadhani hedifoni nilizonunua ni mbovu, nikaenda kuazima za fundi cherehani. Nikarudia.

Nimepata tatu. Na mbili kati ya hizo nilibahatisha. Chini kwenye maoni watu wamejaa, kumi, kumi, tisa. Mmoja kapata nane anaona aibu.

Mwisho wa somo akatoa siri ya kazi. Ukiwa ukumbini, kelele tupu, hulisikii gitaa lako, egemeza taya kwenye ubao wake. Sauti itapita mfupani.

Nikaegemeza taya. Nikapiga uzi mnene.

Mungu wangu. Ulikuwepo! Mzito, mpana, umejaa kichwa chote hadi kwenye meno. Nikaondoa taya, kimya. Nikarudisha, upo. Kimya. Upo. Nimefanya hivyo labda mara ishirini, kisha nikalilaza gitaa kitandani nikalia. Gitaa zima. Simu nzima. Mbovu ni mimi.

Jumatatu, 17 Machi

Naogopa. Niandike tu hivyo. Naogopa tangu nilipoamka.

Moyo wa mtoto tumboni una sauti ya chini, ya mbali. Nimewafundisha wanafunzi kwa maneno haya haya: sikiliza saa iliyofunikwa na mto. Mashine ilipokuwepo ilikuwa inapaza, hata viziwi wangesikia. Mashine ilienda Novemba.

Saa ya chakula nikafungua daftari la kliniki. Kabla ya Novemba, mwandiko wangu: 132, 151, 146, 128. Baada ya Novemba: 140, 140, 138, 140, 140. Kurasa na kurasa. Za Kifaranga zinapanda, zinashuka. Zangu zimelala. Nilikuwa nainama, kidole kinaanza, nami nakifuata! Sikuwa najua — au nilijua? Siwezi hata kujijibu. Waliokwisha kujifungua nimewatafuta wote, wote salama. Hiyo ni bahati yao, mimi sina sifa humo.

Kifaranga akaingia. "Mama, umepoteza nini?" Nikasema miwani. Ilikuwa usoni.

Jumatano, 19 Machi

Jana nilijaribu ile siri ya mfupa. Kwa mama mmoja mpole nikaweka pembe kwenye paji la uso badala ya sikio. Nikasikia pu, pu, pu. Themanini! Damu ikanisimama. Kisha nikaona ni moyo wangu mwenyewe, unanipiga kichwani kwa hofu. Nikamwita Kifaranga "afanye mazoezi". Akapata mia na thelathini na sita.

Tangu hapo kila mama namwambia Kifaranga mazoezi, mazoezi. Ameanza kunishukuru. Anasema, "Mama, siku hizi unaniamini kweli." Nilitamani ardhi ipasuke.

Mficha uchi hazai — nawaambia kina mama kila siku iendayo kwa Mungu, waseme kila kitu, wasione haya. Mimi naambiwa na nani?

Jumamosi, 22 Machi

Sijaligusa gitaa. Nimepiga simu kwa daktari wa masikio. Nafasi ni tarehe 3 Aprili. Nikasema sawa, haraka, kama mtu anayepewa likizo.

Nimwambie mdogo wangu? Akijua, hatalala mpaka azae. Asipojua, analala kwa uongo wangu. Kusikilizwa na Kifaranga hataki. Mashine haipo. Wiki mbili tu — nikimwombea kwa wiki mbili, je? Najisikia mwizi.

Jumanne, 25 Machi

Noti ya msingi na ya tano. Mwalimu Gumba anasema ukizijua hizo mbili tayari una kazi, harusi nzima utaimaliza nazo, mengine ni mapambo. Nikacheza na taya juu ya ubao, polepole, msingi, ya tano, msingi, ya tano. Kwa nusu saa sikuogopa kitu. Nimeiandika hiyo nusu saa isipotee.

Mdogo wangu akaingia bila hodi akanikuta shavu limelala kwenye gitaa. "Dada! Unalibusu?" Alicheka mpaka akashika kiuno. Kisha akataka alijaribu. Hana mapaja tena, tumbo limeyameza, basi nikaliegemeza gitaa kwenye tumbo lake na kupiga uzi mnene mimi.

Akaruka. "Ameshtuka! Dada, amesikia! Piga tena!" Nikapiga. Nikaliona tumbo linasogea, kiwiko au kisigino, kinapita kushoto kwenda kulia chini ya gauni. Mtoto alikuwa amesikia uzi mnene. Mimi sikuusikia.

Nilifungua mdomo kumwambia. Kweli niliufungua. Alikuwa anacheka sana, macho yana maji, mkono wake uko juu ya mkono wangu. Nikamuuliza kama atakunywa chai.

Alhamisi, 27 Machi

Niko kwenye benchi nje ya chumba namba mbili. Naandika ili mikono ipate kazi.

Mdogo wangu amekuja asubuhi, kabla hatujafungua madirisha. Siku yake ya kliniki ni wiki ijayo. Anasema tangu jana mtoto ametulia. Amekunywa maji baridi, amelala ubavu, amemgonga gonga kwa kidole. Kimya. Akasema, "Labda amechoka tu, eh dada?" Akapanda kitandani mwenyewe, akafunua tumbo, akalala macho darini kama afanyavyo siku zote.

Nikaweka pembe. Nikainama. Sikio hili. Kimya. Sikio lile. Kimya. Nikasogeza. Na kidole kikaanza! Chenyewe, pajani, tap tap tap tap, mia na arobaini ile ile. Nikakikamata kwa mkono mwingine.

"Ngapi, dada?"

Ilikuwa mdomoni. Naapa ilikuwa imefika kwenye meno.

Nikasema, "Sisikii."

Akainua kichwa. "Humsikii mtoto?"

"Mimi ndiye nisiyesikia. Masikio yangu. Sauti za chini zimeondoka. Tangu Novemba, au kabla. Sijui."

Hakupiga kelele. Nilitaka apige. Aliuliza polepole, kama anayeuliza njia, "Wiki mbili zilizopita uliniambia mia na arobaini."

"Nilikudanganya. Sikujua kama nakudanganya. Jumapili ile nikajua, nikanyamaza."

"Na juzi? Kwako? Tunacheka?"

"Juzi nilijua."

Akageuza uso ukutani. Akafunika tumbo kwa mikono yote miwili, kumficha mtoto asionekane na mimi. Kisha akasema, "Mwite yule binti. Nawe utoke."

Nimekimbia, na magoti yangu haya. Kifaranga ameingia na pembe yake. Daktari amepigiwa, yuko jengo la pili, anakuja. Hajafika.

Mlango una kioo. Kutoka hapa naona kitanda, naona mgongo wa Kifaranga. Ameinama. Amesogeza kiti kwa mguu, amekaa, pembe sikioni, mkono mmoja umeachia pembe — vizuri, usiishike, ukiishika utasikia vidole vyako. Mkono wa pili uko pajani.

Naona kidole chake cha shahada.

Ameinua pembe. Amepapasa tumbo upya, anatafuta mgongo wa mtoto. Mdogo wangu amefumba macho, midomo inatembea, anaomba au anahesabu. Amerudisha pembe, chini zaidi, upande wa kushoto. Sawa. Hapo ndipo hata mimi ningeanzia. Amegeuka, kupitia kioo amewaonyesha kiganja kina mama wa benchi hili wanyamaze. Wote wamenyamaza, nadhani. Kwangu tumbo lile lilikuwa kimya tangu mwanzo.

Kidole kiko juu ya paja. Kimenyooka, kiko tayari. Bado hakijagonga.