Nafasi ya Deo Jukwaani

Jumamosi, Muleba

Na wazee wamekaa mabenchi ya mbele kabisa! Dada Koku ameleta disko kwenye ukumbi wa kanisa, mchana kweupe. Alicheza vilevile walivyokuwa wakicheza na marehemu Deo kule Bukoba, akizunguka, akinyoosha mkono, akimwachia nafasi yake.

Jenereta ikazima, muziki ukakatika, nikaudhika. Yeye hakusimama. Tukampigia makofi, akaendelea.

Ndipo akainuka mama yake Deo, ambaye tangu mazishi anasema disko ndilo lililomuua mwanawe. Nilidhani anakwenda kumshusha. Akafungua kitenge chake, akamfunga Koku kiunoni, kama tunavyotuza wachezaji harusini. Kisha akaushika ule mkono.

Koku naye amekonda siku hizi, kama Deo kabla hajafa. Naona. Lakini leo, jamani, alicheza!