Mdogo Wetu Hakukataa Kutibiwa

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, 4 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Kabla hujafurahi kuona mwandiko wangu, ujue nimekukosea. Nilikudanganya. Mdogo wetu hakukataa kwenda kwa bingwa. Mimi ndiye niliyekataa, nikamsingizia yeye.

Habari za huko? Goti lako linaendeleaje? Shemeji na watoto hawajambo? Huku mimi na mama watoto tuna uzima, ila roho ndiyo haijatulia. Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu mdomo wangu umeshazoea uongo. Ungesema haloo tu, ningeanza kukwambia kila kitu shwari.

Kazi yetu unaijua. Fundi wa makochi hujaza vijisumari mdomoni, akawa anavisukuma kimoja kimoja kwa ulimi huku nyundo inapiga. Mdogo wetu alikuwa anafanya hivyo na soga anapiga. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Chiriku. Basi mwaka jana vikaanza kumdondoka. Midomo haikazi. Kope zinashuka zenyewe. Ikifika alasiri maneno yanaburuzika hata humwelewi.

Asubuhi mzima, jioni hovyo. Unajua nilifikiria nini. Sisi tuliokua tukimkokota marehemu baba kutoka kilabuni, tukiona mtu anayumba hatuulizi mara mbili. Seremala wetu alikuwa akimtania, "Chiriku, leo umepiga mtungi mapema!" na mimi ndiye niliyecheka zaidi. Aliponiambia, "Kaka, mimi naumwa," nilimjibu mbele ya wateja, "Ugonjwa gani huo unaoangalia saa?"

Alikwenda hospitali peke yake. Daktari, binti mdogo tu, alimwambia bila kumficha kwamba huenda ni ugonjwa wa nadra wa misuli kuchoka. Yeye ameusoma chuoni, lakini hajawahi kumtibu mwenye nao. Akasema yuko bingwa wa mambo hayo, amwone, ila analipwa kwanza. Kupona hakumwahidi. Alisema kama ndio wenyewe, dawa za kuutuliza zipo.

Habari zikakufikia, ndipo ukanipigia. Ulisema utatoa nusu, nami nitoe nusu, kisha ukaniuliza, "Mwenyewe anasemaje?" Dada, mwenyewe alikuwa amekaa hapo hapo karibu yangu, anakata sponji. Ningenyoosha mkono tu angeipokea simu. Lakini nilikuwa nimetoka kununua cherehani kubwa ya ngozi, nimepata tenda ya viti vya ukumbi, na moyoni najiambia, nilipe pesa zote hizo ili bingwa aje aniambie mtu ni mlevi? Nikatoka nje nikakwambia, "Kakataa. Anaogopa ulevi wake utaonekana." Halafu ukasema, "Basi mwache na chupa yake," ukakata.

Hukumpigia tena, na sikulaumu. Yeye akawa ananiuliza, "Dada kasemaje?" Namjibu uko bize. Mara ya mwisho nilimwambia asikusumbue, una mizigo yako. Aliitikia kwa kichwa akaendelea na sponji.

Wiki iliyopita mke wake alinifuata karakana mchana wa jua kali, mguuni kavaa ndala za mumewe. "Shemeji, njoo umwone mlevi wako." Nikamkuta kaegemezwa mito. Mkewe akamnywesha maji, maji matupu, kwa kikombe cha mtoto. Yakatokea puani. Akapaliwa mpaka macho yakageuka, tukamwinamisha, tukampiga mgongoni. Alipopata pumzi, mkewe akanigeukia: "Haya, niambie. Mlevi gani anayelewa kwa maji?"

Tulimkimbiza kwa yule daktari. Wamemlaza, wanamlisha kwa mpira. Daktari hakunigombeza. Alisema tu, "Mngekuja mapema," na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikamwambia mdogo wetu nampeleka kwa bingwa. Ndipo akakataa kweli! Alishika kidevu kwa mkono ili aweze kusema, akatoa neno mojamoja: "Niache, kaka. Hata dada kanitupa."

Nililala nalo hilo siku tatu. Leo asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo sauti yake ipo, nilikwenda wodini nikamweleza yote, mkewe akisikia. Mkewe alitoka nje, na mpaka sasa hajanisemesha. Yeye alinitazama kwa jicho moja, la pili limefunga, akasema, "Wewe tutaongea baadaye. Kumbe dada hakunitupa?"

Nikamwambia, "Hakukutupa."

"Basi twende."

Alilia, Dada. Uso haukukunjamana hata kidogo, haujui tena kukunjamana. Machozi yalishuka tu kwenye uso uliotulia, kama analia mtu mwingine.

Baba mdogo anasema tunatupa pesa kwenye kubahatisha. Ananiuliza, na bingwa akisema si wenyewe? Sijui. Ninachoogopa mimi ni kingine: aseme ndio wenyewe, ila mmechelewa. Hata hivyo nitalipa, na nitalipa yote. Nusu yako ibaki kwako, haitoki tena.

Kwako naomba simu tu. Mpigie yeye, si mimi. Namba ya mkewe unayo. Piga asubuhi; saa sita ikipita, sauti inakwisha. Akichelewa kujibu usikate, anatafuta midomo. Mimi sikuombi unisamehe leo. Siku ukiweza, hata kwa kunitukana, nitashukuru.

Nisalimie shemeji, na kitindamimba wako anayeongea kama mjomba wake Chiriku alivyokuwa akiongea. Mama watoto anakusalimu sana. Hili jambo nimemwambia jana, amenitengea chakula bila neno. Seremala naye anakusalimu, siku hizi hatanii mtu. Mungu akutunze, na moyo akupe mpana kuliko wangu.

Barua hii naituma kwa dereva wa basi linaloondoka kesho, aikabidhi mkononi mwako. Kesho hiyo hiyo mnunuzi anakuja kuchukua cherehani ya ngozi, tumeshakubaliana. Daktari ametupatia nafasi: Jumatatu ijayo, tarehe 10, kabla ya saa mbili asubuhi, nitakuwa nimemfikisha mdogo wetu mlangoni kwa bingwa, na ada yote nimeilipa kwa mkono wangu.

Nduguyo anayekupenda, na aliyekukosea,

Fundi