Babu, Warusi wa London Hawasalimiani Mlangoni

Southall, London

Babu yangu, mume wangu,

Shikamoo. Pokea na nyingine umfikishie mke mwenzangu Bibi, na umwambie asinune kwa kuwa nimekuandikia wewe kwanza. Goti lako linaendeleaje? Bado unalipaka ile dawa inayonuka mpaka kwa jirani? Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa pua, ambayo imekuwa ikichuruzika tangu niliposhuka kwenye ndege. Ile simu ya juzi haikuwa simu. Kadi iliisha Bibi akiwa bado njiani kutoka jikoni, nikaambulia kusikia kandambili zake tu. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kabla sijafika mbali, nina kesi na wewe. Wale wageni wa mpango wa vijana wa kujitolea walipokuja shuleni kwetu, nani alisimama mbele ya wazazi wote akatangaza kwamba mjukuu wake anajua Kirusi? Babu, wewe ndiye uliyekwenda Urusi kujifunza kutengeneza mashine za meli. Mimi Kirusi nilichokuwa nacho ni lile neno moja unalosema ukijigonga nyundo kidoleni. Wenzangu niliokuja nao wamepangiwa kufundisha watoto kuogelea na kuuza nguo za mitumba. Mimi nikapelekwa moja kwa moja kwenye jumuiya ya Warusi.

Kulala nalala kwa Bi Harjeet, Kalasinga aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha kuamrisha tu. Asubuhi ya kwanza aliniamsha kwa kusema, “Wewe toto, funga dirisha, baridi naingia yote.” Nilifurahi nikakaribia kulia.

Warusi wana ukumbi wao Ealing. Jumamosi vijana tunakusanyika, wao waliozaliwa huku na sisi tuliotoka nchi mbalimbali, tunabadilishana utamaduni. Wao walitufundisha kutengeneza vitu kama sambusa ndogo, ila wanazichemsha. Sambusa za kuchemsha, Babu, na hukuwahi kutuambia. Mimi niliwafundisha kukwepa mpira wa rede, tukavunja dirisha la ukumbi. Siku nyingine kila kijana ana mzee wake wa kumtembelea, amsomee, amfanyie usafi, amnunulie vitu dukani.

Mimi nikapewa Bi Nina. Ana umri kama wako na ukaidi kama wako. Anaishi peke yake Hounslow, ghorofa ya sita, ndege zinapita juu ya paa mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Msimamizi wetu, Colin, kijana mrefu mwenye moyo mzuri na sweta moja la kijani, alinieleza mambo bila kuficha. Bi Nina alikwishawafukuza wasichana wote waliotangulia. Wazee wengine wote walikuwa na vijana wao tayari. Kama nami angenikataa kabla ya kambi ya pwani, ambako kila kijana huenda na mzee wake, basi nafasi yangu ingekuwa imekwisha, na ningerudishwa nyumbani. Nikajiona nateremka Tanga na sanduku langu kabla hata hamjamaliza kunisifu, na wewe umeshawaambia wenzako wa barazani kwamba mjukuu wako anawaendesha Warusi. Niliogopa kweli.

Basi siku ya kwanza nikapanda ngazi zote hizo, lifti imekufa, nikapiga hodi. Mlango ukafunguliwa. Nikanyoosha mikono yote miwili na kukunja goti kidogo, adabu yote ya Bibi nikaimimina pale. Bi Nina akaitazama mikono yangu, akaficha ya kwake mgongoni, akarudi nyuma, akaniita kwa kidevu. Kwa kidevu, Babu. Mimi si kuku. Nikabaki nje nikingoja nikaribishwe. Yeye akabaki ndani akingoja sijui nini. Tulitazamana mpaka meno yangu yakaanza kugongana, kisha akafunga mlango.

Kesho yake nikaja na sahani ya mandazi niliyokaanga mwenyewe, nikasema mtu akikataa mkono hawezi kukataa mandazi. Nikamnyooshea sahani. Akaikataa. Akatikisa kichwa kwa hofu kabisa, akaniita tena kwa kidevu, nami kwa hasira nikakaza miguu palepale. Mlango ukafungwa mara ya pili. Jioni Colin akaniambia mzee amelalamika kuwa analetewa msichana anayegoma kuingia ndani, halafu anataka kumletea ugomvi nyumbani. Nikamwambia aliyegoma ni yeye, na mandazi yangu ni ushahidi.

Bi Harjeet alipata habari zote huku akikanda unga wa chapati. “Sasa wewe nangoja nini?” akaniuliza. “Mlango iko wazi, mama iko ndani, ingia tu.” Nikamjibu kwamba kwetu hata mwizi mwenye malezi hupiga hodi, na nyumba ya mtu huingii kabla hujaambiwa karibu. Akasema basi nirudi Tanga na malezi yangu.

Safari ya tatu Colin alinisindikiza ili atupatanishe. Nikapiga hodi na sahani nyingine ya mandazi mkononi, Bi Nina akafungua, akaanza kuita kwa kidevu, nami nikaanza kukaza miguu. Colin akasimama katikati yetu, mguu mmoja ndani na mmoja nje, akaanza hotuba ya kuheshimiana. Hakufika mbali. Bi Nina alipiga kelele, akamkamata sweta, akamvuta. Colin naye akanishika mimi ili asianguke. Tukaingia sote watatu kwa mkupuo, mandazi yakaserereka chini ya kabati la viatu.

Bi Nina akafunga mlango, akaweka nywele zake sawa, akanishika mikono yote miwili, akanibusu shavu la kulia, la kushoto, kisha la kulia tena. Alikuwa anatabasamu kama mtu mwingine.

“Kwenye kizingiti hatusalimiani wala hatupokezani kitu,” akasema kwa Kiingereza chake kinachofanana na changu. “Mkifanya hivyo, mtagombana.”

Nikamweleza kwamba kwetu mgeni haingii mpaka akaribishwe. Akafikiri kidogo, akaanza kucheka, nami nikacheka, kwa sababu muda wote ule tulikuwa wawili wenye adabu nyingi kupita kiasi. Colin, ambaye kwao jirani humaliza mazungumzo yote mlangoni bila kuingia, alikuwa anasugua goti.

Tukayaokota mandazi, akayafuta, akala. Akanipakulia supu nyekundu. Nikakataa kwanza kama ilivyo desturi, naye hakunisikiliza kabisa, akajaza bakuli. Hapo nilijisikia nyumbani. Kwa furaha nikataka kumsifia supu kwa lugha yake, nikatoa neno lako la nyundo. Bi Nina alipaliwa hata nikampiga mgongo. Akauliza nani kanifundisha. Nikasema babu yangu, alisomea mashine za meli bandarini kwao. Akasema ndiyo, lugha ni ya hukohuko bandarini. Babu, tafadhali usiliseme tena mbele ya Bibi.

Lakini Colin alipomuuliza kama amenipokea, alijibu tu kwamba ataona. Nikarudi Southall sijui kama nikunjue sanduku au nilifunge.

Siku ya kambi ikafika. Colin nami tukapanda kumchukua, basi likiwa linangoja chini na vijana wote ndani. Tangu mumewe afariki Bi Nina hajalala nje ya nyumba ile hata usiku mmoja, na ingawa alikubali kwenda, tulihofia atabadilisha mawazo. Tulimkuta amevaa koti, begi mkononi, uso umemsawajika. Colin akatazama saa, akasema twendeni. Bila kuwaza, nikaweka begi chini, nikaketi kwenye kigoda cha viatu, nikanyamaza, kama tulivyozoea kwetu.

Bi Nina akanikodolea macho. Kisha naye akaketi, akamvuta Colin mpaka sakafuni. Honi ikalia chini, hakuna aliyejibu. Aliponyanyuka alikuwa anafuta machozi.

“Nani kakufundisha hivi?”

“Babu,” nikasema. “Hata mtu akienda Korogwe tu, hutukalisha kwanza. Sisi tunadhani ni goti.”

Akaniambia si goti. Akasema kwao mtu akiketi kabla ya safari, nyumba inajua atarudi. Kisha akamgeukia Colin, ambaye bado alikuwa chini. “Huyu ni wangu. Wale wengine wote walikuwa wanaondoka wima.”

Kwa hiyo nimebaki, Babu. Kule pwani alicheza rede akiwa na koti lake, akadai hajaguswa na mpira wakati sote tulimwona.

Nisalimie Mama, na umwambie soksi alizonifungia nazivaa zote kwa pamoja. Msalimie Mjomba Rashidi fundi baiskeli, shangazi yangu mkunga, na mwalimu wangu wa jiografia, aliyesema London haina baridi sana. Bibi mbusu shavu la kulia, la kushoto, kisha la kulia tena, uone atasema nini.

Siku nilipoondoka ulitukalisha muda mrefu mno. Mama alikasirika, dereva akatutukana, nami niliona haya mbele ya majirani, nikataka usimame haraka. Wewe ulikuwa umeinamisha kichwa tu. Sasa najua ulikuwa unafanya nini. Na mimi niliketi, Babu. Nitarudi.

Mkeo mdogo,
Saumu