Picha ya Kunde Yenye Ukungu

Kosa la wengi wanaopiga picha za vitu vidogo sana ni kuilaumu lenzi kabla hawajatafuta kilichotikisika. Tusome kwanza barua hii kutoka Mwingi.

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, maana nimejaribu peke yangu hadi vioo vya kupigia picha vinakaribia kuniishia na nyumba yangu inakaribia kuvunjika. Mimi ni msaidizi katika zahanati ya misheni, na mzungu mmoja aliyerudi kwao aliniachia kamera ya miguu mitatu, ile yenye mvukuto mrefu na kioo cha ukungu nyuma cha kutazamia kabla ya kupiga, akanifunza kupiga picha na kuzisafisha kwa dawa, na picha za watu zinatoka vizuri bila shida. Sasa mwaka huu mvua ilitukataa, kunde tulizovuna ni chache, na mke wangu Nzilani ndiye aliyezijaza ghalani, na tulipofungua tukakuta fukusi wamezitoboa nyingi, basi mama akasema mkono wa Nzilani unaita wadudu, akamkataza hata kugusa nafaka, siku hizi humpimia mwenyewe kwa kibuyu kama mgeni, na baba mkubwa amesema soko lijalo likipita wazee watakaa, na ndugu zake Nzilani waitwe waje wamchukue.

Mimi najua fukusi hutaga mayai juu ya kunde tangu zikiwa shambani, na yai moja unaliona kama doa jeupe ukikaza macho, lakini macho ya mama yamechoka, kwa hiyo nikaona nipige picha ya kunde moja ionekane kubwa kama yai la kuku, ili doa lile liwe wazi kwa kila mtu, wajue wadudu hutoka kwenye yai, si mkononi mwa Nzilani. Nikaifunga kwenye kamera lenzi niliyoitoa katika kamera nyingine ndogo, nikavuta mvukuto hadi mwisho, nikasimamisha kamera kwenye baraza ya mbao ya duka la rafiki yangu Hersi kwa sababu pale pana mwanga, Nzilani akashika kunde kwa vidole viwili mbele ya lenzi, lakini kila picha inatoka na ukungu. Nimesogeza lenzi mbele na nyuma, nimebana tundu lake la kupitishia mwanga hadi likawa kama la sindano, wapi. Hersi aliitazama ya mwisho akaniuliza kama siku hizi napiga picha za moshi, na nilipompelekea mama aliigeuza huku na huku akasema, "Musembi, hili ni wingu. Muulize mkeo kama lina mvua." Nzilani alikuwa mlangoni akasikia, na mimi sikusema kitu, maana ningesema nini bila picha? Nimemgombeza atulize mkono, na kadiri ninavyomgombeza ndivyo unavyozidi kutetemeka. Nifanye nini picha itoke safi kabla wazee hawajakaa?

Musembi, Mwingi

Mwanangu Musembi,

Pole kwa kunde, na pole zaidi kwa yaliyofuata. Lenzi yako haina kosa. Ukikuza kitu kidogo hivyo, unakuza na kila mtikisiko pamoja nacho. Mtu mzima akisogea upana wa unywele mbele ya kamera, picha haitajua. Kunde ikisogea upana huo huo, doa lako limekwisha potea. Nawe umeweka kamera juu ya mbao, kando ya barabara ya malori yaendayo Garissa, mahali ambapo kila anayekuja kununua chumvi anaikanyaga sakafu yako. Hamia nyumba yenye sakafu ya udongo, karibu na mlango, jua la asubuhi liingie na upepo usiguse mvukuto.

Kunde ibandike kwa nta juu ya kibao. Upande wenye yai uelekee lenzi sawasawa, kwa kuwa kunde ni ya mviringo, na katika ukuzaji huo kinachoonekana safi ni sehemu nyembamba kama karatasi. Kisha acha kusogeza lenzi. Mvukuto ukishavutwa hadi hapo, kusogeza lenzi hubadilisha sana ukubwa wa picha na husaidia kidogo tu kuiondolea ukungu. Sogeza kibao, polepole, huku ukikagua kioo cha ukungu kwa kioo cha kukuzia. Tundu lifunge kiasi. Likiwa dogo mno nuru hutawanyika, picha yote hupungua ukali, na unalazimika kungoja muda mrefu huku kila kitu kikitikisika.

Tena kifuniko cha lenzi usikiondoe na kuanza hapo hapo, kwa sababu mkono wako umekwisha iyumbisha kamera. Weka kofia yako mbele ya lenzi bila kuigusa, ondoa kifuniko, ngoja kamera itulie, ndipo uinue kofia.

Kabla ya kutia kioo cha picha, mwite mama yako aingize kichwa chini ya kitambaa cheusi cha kamera, akitazame kioo cha ukungu mwenyewe. Mweleze mapema kwamba kwenye kioo hicho kila kitu huonekana kichwa chini, hivyo ukimwonyesha yai kwa ncha ya unyasi, unyasi ulioushika chini utaonekana unatoka juu. Usipomweleza, hilo nalo litakuwa uchawi wa mkeo.

Sasa nikuulize. Mama yako aliona kunde zimeharibika, akalaumu mkono wa Nzilani. Wewe uliona picha imeharibika, ukalaumu mkono ule ule. Mmetofautiana wapi? Mtu anayeambiwa kila siku kwamba mkono wake umeleta njaa, nawe unamwamuru asitetemeke! Ulijua habari za mayai tangu mwanzo. Mama alipokudhihaki mkeo akisikia, ulikuwa na la kusema, ukalimeza ukingoja kioo. Vioo huvunjika njiani, mwanangu, na dawa huharibika. Kikivunjika ukienda kwa wazee, utanyamaza tena? Mama ni wa kuheshimiwa, lakini kweli ikisemwa kwa sauti ya chini haimvunjii mtu heshima.

Kunde zilizosalia zianikwe jua kali, kisha zichanganywe na majivu, na anayezichanganya awe Nzilani, mama yako akiwa pale pale.

Picha ni kazi ya kesho asubuhi. Leo, kabla ya chakula cha jioni, kaa karibu na mama yako, Nzilani akisikia, umwambie kwamba mke wako haondoki.