Jina Chini ya Rangi ya Kijani

Mama Njambi,

Uji uko jikoni, nimeufunika. Watoto wasipande lori, gurudumu la mbele nimelitoa na ile jeki siiamini. Mvua ikija litupie turubai, mabati niliyokwangua yatashika kutu upesi.

~~Fundi Swaran akileta rangi, mwambie aanze na milango.~~ Hapana. Mwambie airudishe gereji. Hakuna kupaka.

Jana ulinicheka: "Kupaka rangi juu ya kutu ni kumvika mgonjwa suti." Basi leo asubuhi nikakwangua mlango wa dereva mpaka chini kabisa. Chini ya kijani kulikuwa na nyekundu, na juu ya nyekundu maandishi meupe: GICHURU NA MAMA, RUIRU.

Ni lori la kaka yako. Lile askari wa mkoloni walilomnyang'anya mwaka wa hamsini na nne, walipompeleka kizuizini asirudi mpaka leo. Kumbe ndilo nililoshangilia kulinunua mnadani!

Mlango nimeufunika kwa gunia. Usiufunue peke yako. Ningekungoja utoke sokoni, lakini sina uso wa kukutazama.

Nimeenda Ruiru kumwambia mama yako, kabla hajasikia kwa majirani kwamba mkwe wake amenunua jasho la mwanawe. Sijui nitaanzia wapi. Ule mngurumo wa injini anaujua. Siku nikipita na lori hili kwake, atatoka mbio akidhani kijana wake karudi, na atakayeshuka ni mimi.

Baba Njambi