Mpini Mnene

6 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Mgongo wa mama vipi? Na wewe, miguu bado inakusumbua kwa kusimama kutwa nzima ukinyoa watu? Mimi mzima, ila vumbi la mbao limenijaa hadi kwenye kope.

Nina habari, kwa hiyo kaa chini. Nimeacha kiwanda cha meza. Usipige kelele, mama atashtuka. Nimepanga chumba nyuma ya karakana ya mchomeleaji, nimeingiza mashine yangu ya kukereza, na sasa kazi yangu ni moja tu: mipini ya brashi za kunyolea. Natumia mbao ngumu kutoka pande zote za dunia. Kuna mpingo mweusi tii, mzeituni wenye mistari kama maji yanayotembea, na mti mmoja wa rangi ya zambarau ambao hata jina lake limenishinda kutamka. Kipande kinazunguka, patasi inagusa, na kigogo kisicho na sura kinaanza kuota kiuno.

Msimamizi wangu wa zamani alicheka. "Unaacha meza ukatengeneze vijiti vya ndevu?" Nikamwambia ndiyo, tena vijiti vya ndevu ambavyo hajawahi kuviona.

Mwanao wa pekee

22 Februari

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Mama yako hajambo; mgongo umetulia, ulimi umechangamka. Aliposikia umeacha kiwanda alishika kichwa, akasema, "Haya, si ndiyo kukulia kinyozini?" Mimi moyoni nilikuwa nacheka kwa furaha.

Mimi nimewapaka watu povu tangu sijaota ndevu zangu mwenyewe. Brashi mbaya naijua nikiishika tu. Hizi za plastiki ni nyepesi, zinarukaruka mkononi. Weka uzito chini, mwanangu, brashi isimame yenyewe.

Mrefu, mwenzangu wa kiti cha pili hapa dukani, anauliza kama utaandika jina lako kwenye mipini. Nimemwambia aache maswali ya kijinga. Andika, na herufi zisiwe za aibu.

Baba yako

30 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili, kimya. Wewe unayeongea hata wembe ukiwa kooni mwa mtu, leo umekosa la kusema? Nijibu, hata mstari mmoja. Kuna nini huko nyumbani?

Mwanao

19 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Usicheke mwandiko, naandika kwa kushoto. Nilipata kiharusi nikiwa kazini. Mrefu alinidaka kabla sijafika sakafuni. Mguu umerudi. Mkono wa kulia umegoma, vidole havikunjiki. Nilimkataza mama yako kukuandikia. Alinigombeza, na alikuwa na haki.

Daktari anasema mkono nisiulaze, niupe kazi. Kazi gani? Mama yako ndiye ananinyoa. Mimi, kinyozi, nalazwa kitini na kunyolewa kama maiti.

Baba yako

24 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Nimerudi salama kutoka kuwaona, na chapati za mama ziliisha kabla safari haijafika nusu.

Nilipokaa nanyi nilijitia kutoona, lakini niliona. Kila asubuhi mama akikupaka povu, unageuza uso ukutani. Nimerudi na picha hiyo, na mashine nimeiwasha kabla hata ya kufungua begi.

Pokea brashi hii. Mpini ni wa mpingo, kipande nilichokuwa nimekiweka kwa ajili ya maonyesho ya mafundi. Nimeupiga msasa hadi unaweza kujiona ndani yake. Upe mkono wako kazi.

Mwanao

11 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anakusalimu. Aliuona mpini akaufungia kabatini, eti wa wageni. Nikautoa.

Sasa nisikilize kama fundi mwenzako, ubaba tuuweke kando. Ni mzuri, lakini haunifai. Ni mwembamba, na ukilowa unateleza kama samaki. Ulitumbukia kwenye beseni, nikauokota, ukatumbukia tena. Umetengeneza kitu cha kutazama. Mimi nataka cha kushika.

Baba yako

17 Agosti

Baba,

Shikamoo, na salamu kwa mama. Samahani kwa kukaa kimya. Barua yako iliniuma. Ule ndio mpini niliokuwa naringa nao kuliko yote, nikanuna hadi mchomeleaji akaniuliza nimefiwa na nani.

Halafu nikavifunga vidole vyangu vya kulia kwa kitambaa, visiweze kukunjika, nikajaribu kujipaka povu kidevuni kwa brashi nyingine yenye mpini kama ule. Mchomeleaji akaingia kuazima tindo, akanikuta na ndevu za sabuni. Alirudi kinyumenyume, tindo akaiacha. Lakini baba, ulisema kweli. Uzuri wote ule ulinitoka mkononi.

Nikaanza upya. Vipande vingi niliviharibu, na kimoja kilipasuka kikanipita karibu na sikio. Huu unaokuja na barua hii ni wa mzeituni, mnene kama yai la bata, unajaza kiganja bila kungoja vidole. Shingo yake ipitishe kati ya vidole viwili, manyoya yatokee upande wa pili. Hata mkono ukifunguka, brashi itaning'inia, haitaanguka. Sikupaka vanishi, nimepaka mafuta tu, tabaka juu ya tabaka, ili usiteleze.

Ukiutazama unafanana na kiazi. Lakini ndiyo kazi bora kuliko zote zilizowahi kutoka mikononi mwangu, na nasema hivyo bila kuona haya.

Mwanao

20 Septemba

Mwanangu,

Marahaba nyingi. Sote wazima, na safari hii si uzima wa kuandikia barua tu.

Kwanza nilifanya mazoezi nyumbani, mlango nimefunga. Nilipaka povu sikio, kioo na shati. Kisha nikaenda dukani na brashi yako mfukoni, nikakaa kwenye kiti cha wateja. Mrefu akanyoosha mkono kunisaidia. Nikamwambia, "Kaa pembeni." Akazima hadi redio. Shavu la kulia, shavu la kushoto, kidevu. Mama yako, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Umeacha chini ya pua." Nikapaka na chini ya pua. Wembe alishika Mrefu. Huo sijaufikia bado, lakini povu lilikuwa langu.

Jana niliipeleka hospitalini, kule tunakofanyia mazoezi ya mikono. Ikapita kiganja kwa kiganja. Fundi viatu mmoja akauliza, "Mzee, hii inauzwa wapi?"

"Haiuzwi popote. Ni kazi ya binti yangu."

"Ni daktari?"

"Daktari wa nini? Mkerezaji!" Nilisema kwa sauti hadi nesi akachungulia.

Basi nimekuponza. Fundi viatu anataka mpini kama huo wa brashi yake ya rangi. Mama mmoja anataka kitana, achane nywele zake mwenyewe. Nimewaambia fundi ana kazi nyingi, lakini nitamsemesha.

Nyuma ya karatasi hii utaona viganja vyao, upate vipimo. Mistari imepinda, univumilie. Nimeichora kwa mkono wa kulia.

Baba wa fundi